Kubadili Miguu ya Land Rover 109: Hesabu ya Mombo

Swali la kubadili miguu ya nyuma ya Land Rover 109 huulizwa Mombo na watu wa aina mbili. Wa kwanza ana gari la kazi. Asubuhi liko stendi, mchana liko njia ya Soni kwenda Bumbuli, au limeshaipita Lushoto kuelekea Mlalo na Mtae. Jioni linateremka na viazi, kabichi, na abiria waliokaa juu ya viazi. Wa pili amerithi gari la baba. Anaishi Dar es Salaam au Tanga, na anataka lifufuke, liwe la kwendea nyumbani sikukuu na pengine la kukodisha kwa watalii. Wote wawili wameona kwenye simu gari la Kimarekani la miaka ya 1960 lililovuliwa ekseli yake ya nyuma na kuwekewa miguu huru, ile ambayo kila tairi linapanda na kushuka peke yake. Wameona linavyoteleza juu ya matuta. Sasa wanataka bei.

Bei za spea hupanda na kushuka pamoja na dola, kwa hiyo nitalinganisha kwa ngazi ambazo kila mwenye gari anazijua: kazi ya makumi elfu, kazi ya malaki, na kazi ya mamilioni. Na niseme mapema nilikosimama. Kwa gari la mzigo linalopanda Usambara, miguu huru ni pesa iliyopotea. Kwa gari la matembezi inaweza kuwa na maana, lakini si kwenye 109.

Tuanze na kilichopo chini ya gari sasa hivi. 109 ni ya familia ya Land Rover iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Namba yenyewe ni inchi kati ya tairi la mbele na la nyuma. Series III, ambazo ndizo nyingi zilizobaki kazini, zilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985. Zote zina ekseli nzima mbele na nyuma: bomba zito la chuma, difu ndani yake, limebebwa na springi za majani. Tairi moja likigonga jiwe, bomba zima linainama na tairi la upande wa pili linasikia. Uzito huo wote wa chuma ukirushwa juu, chasisi nayo inarushwa, na aliyekaa benchi la nyuma anagonga paa.

Ila kuna jambo ambalo kila utingo analijua na wauza vipuri hawalisemi. Gari tupu ndilo linalorusha watu. Lipakie magunia, linatulia. Springi zilipangwa kwa ajili ya mzigo, na mengi ya magari haya yameongezewa majani zaidi ya yale ya kiwandani, kwa sababu mwenye gari alichoka kuona nyuma imelala. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mateso ambayo watu wanataka kuyaponya kwa mamilioni yaliletwa na jani la ziada lililonunuliwa kwa makumi elfu.

Miguu huru inafanya kazi kwa njia nyingine. Difu linafungwa kwenye chasisi na halirushwi tena. Kutoka kwenye difu zinatoka shafti mbili fupi zenye sivi jointi, na kila tairi linashikwa na mikono yake. Kinachopanda na kushuka ni tairi, habu na sehemu ya mikono tu. Wepesi huo ndio unaoleta ule utelezi wa kwenye video. Jaguar iliweka mfumo wa namna hiyo kwenye E-Type mwaka 1961, na kwa kuwa ulikuwa umekaa ndani ya fremu yake, unafunguka wote kwa pamoja, mafundi wa Marekani na Uingereza wakaugeuza spea ya kuhamishia kwenye magari mengine. Kwa miongo kadhaa ndiyo miguu waliyoitafuta kwenye magari yaliyokatwa. Siku hizi wananunua seti mpya, au wanachukua ya Ford Mustang, ambayo tangu toleo la 2015 zote zinatoka kiwandani na miguu huru nyuma.

Seti mpya kamili kwa ajili ya Mustang ya miaka ya 1960 huvuka dola 5,000 kwa urahisi, kabla ya meli, ushuru na fundi. Ukihesabu dola kwa shilingi 2,500, hizo ni zaidi ya milioni 12 na nusu. Na hiyo ni seti iliyotengenezwa kwa gari hilo hasa, kila tundu la bolti likiwa mahali pake. Kwa 109 hutakuta kitu kama hicho dukani. Utanunua miguu ya gari jingine, kisha utalipa fundi aitafutie nafasi. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuvuja.

Tuseme umeshauriwa ununue miguu ya nyuma ya Toyota Mark II iliyokatwa, kwa sababu Mark II za mtumba kutoka Japani zimejaa nchini na miguu yake ya nyuma ni huru. Pale Gerezani, Dar es Salaam, kwenye spea za mtumba, utaambiwa bei ya malaki, na utaona umeokoa. Swali la kwanza ambalo muuzaji hatakuuliza ni la meno ya difu. Difu la 109 lina uwiano wa 4.7, maana yake propela inazunguka mara 4.7 ili tairi lizunguke mara moja. La Mark II mara nyingi liko karibu na 4. Ukiweka difu la nyuma lenye uwiano tofauti na la mbele, gari litatembea vizuri tu kwenye lami ya Mombo hadi Soni, kwa kuwa Series inatumia tairi za nyuma peke yake mpaka uingize foo-wili. Siku utakayoingiza foo-wili kwenye tope, ekseli mbili zitaanza kugombana. Chukua mfano wa difu la 3.54, lile la Defender na Range Rover za zamani: kwa kila mizunguko mitatu ya tairi la mbele, la nyuma linataka kuzunguka karibu minne. Kwenye tope tairi zitateleza na kusamehe. Kwenye mwamba au lami kavu kitakachosamehe ni giaboksi, na giaboksi haisamehe mara mbili.

Kwa hiyo ama ubadili difu la mbele nalo, ama ukubali kuwa na Land Rover isiyo na foo-wili. Ya pili nimeiona ikifanywa, na sielewi mtu anabakiwa na nini.

Halafu difu la 109 halikukaa katikati ya gari. Limesogezwa pembeni ili propela inyooke kutoka kwenye kasha la gia. La Mark II liko katikati. Propela itakwenda kwa mshazari, kruzi zake zitaliwa mapema, na kwenye mwendo utasikia mtikisiko ambao mafundi watatu watautafuta kwenye mabearingi. Upana nao haulingani. Matundu ya rimu hayalingani, hivyo utakuwa na rimu za aina mbili na spea tairi mbili. Breki za nyuma zitakuwa za diski wakati mfumo wote wa gari ulipimwa kwa madaramu, na kusawazisha breki za mbele na nyuma si kazi ya kukisia kwa gari litakaloteremka kona za Soni likiwa na watu.

Hendibreki ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Kwenye 109 haishiki tairi. Inashika daramu dogo nyuma ya kasha la gia, kwa hiyo inazuia propela. Shafti moja ya nyuma ikikatika, hendibreki imekwenda nayo. Ekseli nzima ina hatari hiyo hiyo, ila shafti zake zimefichwa ndani ya bomba na mafuta. Shafti za miguu huru ziko nje, na uhai wa sivi jointi unategemea kifuko cha mpira. Kifuko kikichanwa na jiwe au kisiki, mchanga unaingia kwenye grisi, na jointi inaliwa ndani ya muda mfupi. Vumbi la Mombo na tope jekundu la huko juu ni vya kutosha kwa kazi hiyo. Ukiamua kuweka, weka na bajeti ya vifuko kila mwaka, na weka hendibreki ya tairi.

Sijafika kwenye kuchomelea bado. Springi za majani zinasukuma chasisi mahali pawili palipoimarishwa kiwandani, mwanzo na mwisho wa springi. Fremu ya miguu huru itasukuma mahali pengine, ambapo chasisi ni kasha jembamba la chuma ambalo pengine limeshaliwa na kutu kwa ndani. Fundi mzuri atakata, ataimarisha, atapima pembe kwa uzi na kwa kamba, na atachukua wiki. Fundi wa kawaida atachomelea na kukukabidhi. Ekseli nzima haina alaimenti ya nyuma, bomba ni bomba. Miguu huru inayo, na usipoipima kwa mashine, tairi za nyuma zitaliwa upande mmoja. Mashine hiyo utaifuata kwenye miji mikubwa, na utarudi huko kila utakapobadili bushi.

Jumla ya yote hayo, spea za malaki zimegeuka kazi ya mamilioni, na gari limelala. Kulala kwa gari ni gharama ambayo wengi hawaiandiki. Chukua mfano wa gari linalomwachia mwenyewe shilingi 50,000 kwa siku baada ya mafuta na dereva, likifanya kazi siku sita kwa wiki. Wiki sita gereji ni shilingi 1,800,000 ambazo hazikuingia. Likitoka halitaongeza kitu, maana abiria wa Bumbuli hatalipa nauli kubwa zaidi kwa sababu benchi limekuwa laini.

Kuna suala la mzigo lenyewe, na hapa hata fundi bora duniani hawezi kukusaidia. Difu lililofungwa kwenye chasisi linashuka pamoja na chasisi. Ukipakia magunia kumi ya viazi, tumbo la gari linakaribia mawe. Difu la ekseli nzima halijali umepakia nini. Umbali wake kutoka chini unaamuliwa na ukubwa wa tairi, basi. Wakati wa masika, magari ya tani yakishachimba mifereji kwenye barabara za udongo, sentimita chache hizo ndizo zinazoamua kama utafika au utalala njiani. Tena ekseli nzima ina tabia nzuri ambayo watu huidharau: tairi moja likisukumwa juu na jiwe, la pili linasukumwa chini, linatafuta ardhi.

Watengenezaji wenyewe wanalijua hili. Peugeot 504, gari ambalo Afrika Mashariki nzima ilipanda, ilitoka mwaka 1968 na miguu huru nyuma kwenye saluni. Station wagon na pikapu zake, zilizokuwa za mzigo, zilipewa ekseli nzima. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70 zimekuwa kiwandani tangu 1984, na pikapu zake bado zina springi za majani nyuma. Land Rover wenyewe walisubiri hadi Defender mpya iliyooneshwa 2019 ndipo wakaipa jina hilo gari lenye miguu huru pande zote nne, na ile si 109 iliyorekebishwa. Haina hata chasisi ya kutenganishwa na bodi. Nchini Uingereza ilianza kuuzwa kwa zaidi ya pauni 45,000.

Atakayenijibu kwamba miguu huru ni dhaifu kwa barabara zetu nitamkatalia pia. Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, na mshindi wa kwanza huhesabiwa kuwa Volkswagen, gari dogo ambalo nyuma kila tairi lina shafti yake. Shekhar Mehta alishinda 1973 kwa Datsun 240Z yenye miguu huru, kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun Violet yenye ekseli nzima. Dereva yuleyule, vumbi lilelile. Tofauti ni kwamba magari yale yalifuatwa na mafundi wenye spea kila baada ya vituo kadhaa. Dereva wa Mtae anafuatwa na utingo mwenye jeki.

Basi hizo pesa ziende wapi?

Kwa mwenye gari la kazi, nianze na kazi ya makumi elfu. Toa jani la ziada kama mzigo wako wa kila siku hauhitaji. Punguza upepo wa tairi unaposafiri gari likiwa tupu, kwa kiasi kinachoruhusiwa na tairi lenyewe. Badili sponji za mabenchi. Abiria wa nyuma wa 109 wamekaa juu ya ekseli kabisa, na sponji iliyokufa ni sawa na kukaa kwenye bati. Fundi wa viti atakuletea nafuu ambayo fundi wa miguu atakutoza mara kumi. Watu hucheka nikisema hivi, lakini wanaocheka ni wenye kukaa mbele.

Kazi ya malaki ndiyo ninayoipendekeza. Springi zote zishuke, zifunguliwe jani kwa jani. Kutu kati ya majani hufanya springi ya majani mengi kuwa kipande kimoja kigumu, na hapo hata springi nzuri inarusha. Kila jani lisuguliwe kwa brashi ya waya, likaguliwe nyufa, lipakwe grisi yenye grafaiti, lirudishwe. Bushi mpya, pini mpya, senta bolti mpya, yubolti mpya. Shokapu nne mpya zenye urefu sahihi. Shokapu fupi itagonga mwisho na kung'oa kishikio chake. Ziko kazi mbili za kukataa hata ukipewa punguzo. Usikubali jani lililokatika lichomelewe, kwa sababu moto wa kuchomelea unaua ugumu wa chuma cha springi na litakatika pembeni ya mchomo. Na usikubali springi zilizolala zipigwe nyundo zikunjwe upya bila kuchomwa na kupozwa kitaalamu. Zitasimama vizuri siku unapolipa, zitalala tena kabla ya mavuno kwisha.

Tenga siku tatu badala ya moja. Bushi za zamani zimeshikana na chasisi kwa kutu, na kuzitoa kunaweza kula siku nzima ya nyundo na moto. Baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, kaza yubolti tena. Kwa mfano wetu wa 50,000 kwa siku, siku tatu za kulala ni 150,000. Linganisha na ile milioni na laki nane.

Faida nyingine ni ya mahali. Mombo iko kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Same na Moshi. Basi la Dar es Salaam au la Arusha linaweza kukushushia bushi na shokapu stendi bila wewe kutoka mjini. Arusha, ambako Land Rover zilipewa tamasha lake Oktoba 2024 kwa shabaha ya kuvunja rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018, kuna mafundi na spea za 109 ambazo hata huko zilikotengenezwa zimeanza kuwa adimu. Miguu ya kubuni, yenye mkono wa Mark II na shafti iliyofupishwa, haina duka popote. Kikiharibika kitu, spea yake ni fundi aliyeitengeneza, na huyo huenda amehamia Tunduma.

Kati ya majani ya kawaida na koili kuna njia moja ambayo haisikiki sana huku, springi za parabola. Zina majani mawili au matatu tu, manene katikati na membamba mwishoni, na hayasuguani isipokuwa katikati na kwenye ncha. Zinafungwa mahali palepale pa springi za zamani bila kuchomelea kitu. Msuguano ukiondoka, gari linakuwa laini kweli, lakini linahitaji shokapu bora, kwa sababu ule msuguano wa majani ndio uliokuwa ukisaidia kutuliza. Seti yake Uingereza huuzwa kwa mamia ya pauni, na kwa kuwa ni chuma kizito, usafiri una uzito wake. Ukifikisha bandarini na kulipa kodi, uko mwanzoni mwa mamilioni. Kwa yule mrithi wa gari la baba, anayebeba watu wanne na mizigo ya safari, hili ndilo chaguo langu la kwanza. Kwa gari la viazi, hapana, labda utafute zile nzito zilizotengenezwa kwa mzigo, na hata hapo fikiria utapata wapi jani moja likikatika.

Koili ni ngazi ya juu zaidi. Land Rover iliweka koili kwenye Range Rover ya 1970, ikiwa bado na ekseli nzima, na mwaka 1983 ikaleta One Ten, iliyokuja kuitwa Defender kuanzia 1990. Umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma kwenye One Ten unauzidi wa 109 kwa inchi moja tu, kwa hiyo mafundi huhamishia bodi ya 109 juu yake. Zile ekseli ni pana zaidi kwa karibu sentimita 18, tairi zitatoka nje ya bodi na zitahitaji vifuniko. Lakini unapata koili, diski za mbele, foo-wili ya kudumu, na uwiano sawa mbele na nyuma, vyote vilivyopangwa pamoja na kiwanda kimoja. Kama unataka ulaini mkubwa kwenye Land Rover ya zamani inayofanya kazi, hapa ndipo ulaini ulipo bila kamari. Bei yake ni mamilioni mengi, maana Defender zina wateja na wenye nazo wanajua. Kabla hujalipa, jiulize kwa nini usinunue One Ten nzima na kuiuza 109 ilivyo.

Swali hilo lina uzito zaidi unapofika kwenye karatasi. Kadi ya gari kutoka TRA ina namba ya chasisi. Ukihamisha bodi juu ya chasisi nyingine, gari lililopo barabarani si lile lililopo kwenye kadi, na utalazimika kulifafanua kwa mkaguzi wa magari wa polisi, kwa TRA, na kwa kampuni ya bima. Gari la abiria linahitaji pia leseni ya LATRA. Usifanye kazi kwanza ukatafuta ruhusa baadaye. Ajali ikitokea, bima ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuchungulia chini ya gari, na watachungulia kwa makini kuliko fundi wako.

Naona bado yupo mmoja ambaye ameshaamua, anataka miguu huru. Nunua gari lililozaliwa nayo. Saluni ya 504 iliyotunzwa ni gari la zamani lenye miguu huru ya kiwandani, shokapu ndefu na utulivu ambao magari mengi mapya hayajaufikia, na hukati chuma. Au nenda kwenye Mark II yenyewe, uache kuichinja kwa ajili ya miguu. Kwa mwendo wa Dar es Salaam hadi Lushoto mjini, ni lami mwanzo hadi mwisho.

Kama huwezi kulala bila kuiweka kwenye 109, basi nunua kwa akili. Pale Gerezani usinunue difu na shafti peke yake. Taka fremu yake nzima, mikono, habu, koili, shokapu, nyaya za hendibreki na bolti zote, kutoka gari moja. Zungusha difu kwa mkono usikilize, kunja kila sivi jointi mpaka mwisho, angalia kama vifuko vimechanika, na soma alama ya ekseli, inayoonyesha uwiano, kwenye kibati cha gari lililokatwa kabla hakijatupwa. Mkabidhi fundi michoro na vipimo kabla ya pesa, mlipe kwa hatua, na hatua ya mwisho ilipwe baada ya kuteremka kutoka Soni ukiwa na mzigo, kwa mchana, barabara kavu. Ekseli ya zamani na springi zake zipake grisi, zifunike, uziweke uani. Usimpe mnunuzi wa vyuma chakavu hata akikuongezea bei, mpaka masika mawili yapite.